Mgeni Hapandi Mti

Ganda, Malindi
12 Januari 1986

Mume wangu Jefwa,

Marahaba. Najua ushaniamkia huko uliko, hata kama sauti haijafika. Mimi nyanya yako Nyevu sijambo, ila mguu wa kulia unaniuma kila mvua ikinukia. Mbuzi mweusi kazaa mapacha. Baba yako mdogo Menza bado yuko kazini Kilifi. Huja mwisho wa mwezi, akala, akaondoka. Garama wa dukani anakusalimu na anakukumbusha kwamba sanduku la posta ni lake, kwa hiyo jina lake uliandike kubwa kwenye bahasha, la sivyo barua zako zitalala Malindi.

Tazama mwandiko huu vizuri. Ni wangu. Nimemaliza mwaka wa pili wa ngumbaru, na mwalimu anasema herufi zangu zinalala ubavu. Nikamwambia, mwalimu, hata mimi hulala ubavu. Miaka yote hii barua zangu aliandika Garama, na Garama ni bahili hata wa maneno. Nikisema kumi yeye aandika manne. Sasa utayapata yote.

Neno lenyewe ni hili. Uliporithi jina la marehemu babu yako ulinirithi na mimi, na mume akisafiri husema siku ya kurudi. Wewe ulisema miaka minne. Uliondoka themanini na moja. Hesabu pia tumefundishwa, Jefwa. Nyumba yako nimeiezeka makuti mapya mwezi wa Novemba, mara ya pili sasa tangu uondoke, na kila Jumamosi naifagia. Watu huniuliza nafagia nyumba ya nani, nami huwaambia ya mume wangu. Wakicheka nacheka nao, na kufagia naendelea.

Huo mji ukoje hata ukakushika hivi? Nieleze wote, usiniambie ni mzuri tu. Hata Malindi ni mzuri.

Ni mimi mkeo,
Nyevu


Brampton, Kanada
2 Machi 1986

Hawe wangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya mwandiko. Barua yako niliifungua nimesimama mlangoni na viatu vya theluji miguuni. Nilipoona si mkono wa Garama nilishtuka, nikadhani kuna msiba, kisha nikaona jina lako chini. Niliketi sakafuni nikaisoma mara tatu. Nimefurahi mpaka nimewaonyesha watu wasiojua neno moja la Kiswahili.

Mimi ni mzima. Kuna jambo sikukuambia: masomo ya ufundi niliyamaliza mwaka juzi, na kazi niliyopata si ya mashine. Nafanya kazi posta, napeleka barua. Usicheke.

Umetaka mji, basi huu hapa. Si Toronto. Toronto ndiyo yenye maghorofa, na sisi tuko pembeni yake, pungufu ya mwendo wa Malindi hadi Kilifi. Zamani Brampton ulikuwa mji mdogo wa watu wa waridi; waliotesha maua ndani ya nyumba za vioo, wakayauza mbali. Mpaka leo wanajiita mji wa maua. Kandokando yalikuwa mashamba ya mahindi na ng'ombe, na sasa kila mwaka shamba moja linakwenda. Huja trekta, likasawazisha, zikachorwa barabara, na ukirudi baada ya miezi sita kuna watu wanakaanga vitunguu. Mwezi wa tisa nilipita shamba la mahindi. Leo lina barabara tatu na taa zake. Nyumba zenyewe ni za mbao, na nje zinavishwa tofali safu moja tu. Hata nyasi haziachwi ziote. Huletwa na lori zimekunjwa kama mikeka, zikatandikwa, zikamwagiwa maji.

Kuna upande mmoja wa mji ambao barabara zake wamezipanga kwa herufi. Mtaa huu majina yote yanaanza na A, ule yote na B, hivyo hivyo. Mpeleka barua akipotea anajua amepotelea herufi gani.

Kwenye mitaa mipya kabisa hatufiki mlangoni mwa mtu. Pembeni mwa barabara kuna kabati la chuma lenye vilango vingi vidogo, kila nyumba na ufunguo wake. Watu wananung'unika sana, kwa sababu mitaa ya zamani wanaletewa mpaka mlangoni. Lakini hapo kabatini ndipo ninapoujua mji. Nyumba moja wanatoka Punjab, ya pili Jamaika, ya tatu ni Wareno, ya nne wamekuja na mashua kutoka Vietinamu, ya tano ni Waitaliano waliohama Toronto wapate mahali pa kupanda nyanya. Stempu za nchi zote zinapita mikononi mwangu. Katika mtaa mzima humpati mtu ambaye babu yake alizaliwa hapo. Hata Wazungu, wengi wao wana nyanya mahali pengine.

Baridi bado ipo, lakini nakula vizuri. Jumapili nilikula wali wa nazi na maharage, nikakukumbuka.

Kuhusu kuja, kazi ni mpya na likizo ndefu sijafikia. Mwakani tutaona.

Mjukuu wako na mumeo,
Jefwa


Ganda
20 Aprili 1986

Mume wangu,

Mvua imeshuka, tumepanda. Wa nyumbani wote wazima. Kuna Mkamba anaitwa Nahashon, mtunza bustani wa hoteli moja ya ufukweni, nimempa pembe ya shamba upande wa barabara alime ndengu na mbaazi. Akivuna ananiletea debe. Mkewe Kasiva ni mtoto mzuri, ila alilia wiki mbili akitaka vilima vya kwao. Nikamwambia vilima hatuna, lakini kazi tunazo. Sasa tunatwanga pamoja.

Mji wako niliwasomea darasani. Wanafunzi wenzangu wamefurahi sana kusikia kwamba Kanada kuna mji mzima unaosoma ngumbaru, nao wanauliza, umefika herufi gani? Na hilo kabati la chuma linalowatia watu uchungu, waambie hapa Ganda tuna Garama. Kabati halifungui barua ya mtu likajua habari zake kabla yake.

Lakini nina swali. Huo wali wa nazi, nazi aliikuna nani? Nimekulea tangu mama yako Kanze alipofariki ukiwa na miaka miwili, na tangu baba yako alipomfuata. Siku moja katika maisha yako ulikalia mbuzi ya kukunia, ukajikata kidole, ukalala siku mbili. Kwa hiyo si wewe.

Sasa keti chini. Wapimaji wa serikali wamekuja mkutanoni kwa chifu. Mwakani, mwezi wa nane, mashamba ya Ganda yote yatapimwa na kuandikwa. Kila boma mwenye shamba asimame mpakani mwenyewe, jina lake liingie kitabuni. Kwenye orodha ya kwanza nimewapa jina lako, Jefwa Kazungu, maana hili ni shamba la babu yako, na baba yako ndiye aliyekuwa mkubwa. Lakini asiyesimama siku hiyo atafutwa. Menza amesema usipokuja atasimama yeye. Menza ni mwanangu nampenda, lakini ana rafiki anayetaka kujenga nyumba za watalii. Akisimama Menza, kabla ya Krismasi nitakuwa nahamishiwa chumba cha kupanga Kibarani, nifie juu ya saruji ya mtu.

Njoo usimame. Siku moja tu, kisha tupange mengine.

Mkeo,
Nyevu


Brampton
15 Septemba 1986

Hawe wangu,

Shikamoo. Nisamehe. Mpeleka barua kukaa miezi mitano bila kuandika ni aibu, nami naijua. Mkono haukuwa mgonjwa wala mguu.

Nianze na jambo la kukufurahisha. Mwezi wa sita nilikuwa kabatini kwangu nikipanga barua, nikawa naimba ule wimbo wako wa kutwanga. Nyuma yangu mtu akasema, "Ndugu, hii kuimba iko ya wapi? Iko kama ya Pwani." Nageuka, namwona Kalasinga mzee mwenye kilemba cha buluu, ndevu mpaka kifuani. Amezaliwa Voi. Babake alikuwa wa reli. Ananiambia, "Mimi kusikia Kiswahili hapa, machozi nakuja." Tulisimama saa nzima, watu wakichukua barua zao pembeni yetu. Sasa kila Ijumaa ananingojea na chai ndani ya chupa. Hajui habari ya Kenya kwa miaka kumi na tano, basi namsomea zako, zile za mbuzi na za Garama.

Kiangazi mji wote uko nje. Wajamaika wanachoma kuku kwenye mapipa yaliyokatwa nusu. Mreno wa nyumba ya pili amefunga mzabibu juu ya gereji yake, na halmashauri imemwandikia barua mara mbili autoe, nami ndiye niliyezipeleka. Kuna kanisa moja linasaliwa na makundi matatu Jumapili moja, kila kundi na lugha yake, na wanagombania jiko kwa sababu harufu ya samaki wa kundi la kwanza inawafikia wa kundi la tatu. Watoto wanacheza barabarani mchezo wa fimbo mpaka giza liingie, na giza huku kiangazi haliingii kabla ya saa tatu.

Si wote wanaofurahi. Kwenye njia yangu kuna bibi wa zamani wa hapa, wa nyumba za waridi. Ananiuliza nimetoka wapi, namwambia. Kisha ananiuliza narudi lini. Haulizi kwa ubaya. Ni vile anataka kujua ni lini mji wake utarudi kuwa wake. Huwa namjibu, mwakani.

Nazi aliikuna jirani.

Habari ya shamba nimeielewa. Nitajaribu.

Mjukuu wako,
Jefwa


Ganda
22 Februari 1987

Jefwa,

Usishtuke ukiona mkono mwingine. Anayeandika ni Kasiva, mke wa Nahashon, nami namtajia. Mkono wangu una kazi nyingine siku hizi.

Wote wazima. Bibi yake Garama amejifungua. Menza amekuja mara mbili mwezi huu, na safari hii kaja na sukari, kwa hiyo najua ana lake.

Barua yako nilisomewa. Kurasa nne za mji, mstari mmoja wa shamba. Nimemwambia Kasiva ahesabu, naye amehesabu. Huo mji sasa naujua kuliko ninavyoijua Kilifi. Namjua Kalasinga wa Voi, namjua Mreno na mzabibu wake, na yule bibi wa waridi ninamwonea huruma. Wewe ndiye nisiyekujua. Sijui unalala wapi, sijui ukitoka kazini unarudi kwa nani. Umejifukia chini ya watu wengi, mume wangu, na mimi ni mzee, sina nguvu ya kufukua.

Huyo jirani mwenye kukuna nazi ana jina?

Sikasiriki. Nauliza. Mwezi wa nane unakuja.

Nyevu


Brampton
17 Mei 1987

Hawe wangu,

Shikamoo. Msalimie Kasiva, na mwambie mwandiko wake ni mzuri, ila mimi nataka ule unaolala ubavu. Mkono una kazi gani?

Jirani anaitwa Marva. Kwao ni Jamaika, amekuja huku akiwa na miaka kumi. Kwao wanapika wali kwa nazi kama sisi, na maharage ndani humo humo. Ni mtu mwema na ana kicheko kikubwa. Anafanya kazi hospitali, anahudumia wazee, na wazee wanamgombania.

Theluji imeisha na mji umetoka maua, sasa naliamini lile jina lao. Mtaa wetu mwaka jana ulikuwa udongo mtupu, leo una watu nyumba arobaini. Jumamosi Kalasinga amekuja na jembe lake, tukapanda mche wa tofaa nyuma ya nyumba. Nilichimba shimo kama ulivyonifundisha kuchimba la mnazi, kina cha mkono mzima. Nikatia jivu chini. Chumvi sikutia, walinikataza, lakini mkono ulikuwa unataka. Wanasema utazaa mwaka wa nne au wa tano, matunda mekundu. Kila asubuhi kabla ya kazi nakwenda kuutazama kama nimetega mtego.

Likizo ya mwezi wa nane nimeiomba kazini. Bado hawajanijibu.

Mjukuu wako anayekupenda,
Jefwa


Ganda
28 Juni 1987

Mume wangu,

Anaandika Kasiva tena. Tu wazima, mahindi yamebeba vizuri, na shingo ya jogoo mkubwa nimeikata kwa sababu ya kiburi.

Kasiva alipofika kwenye ule mche nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia aache kusoma, nikaenda zangu nyuma ya jiko nikakaa.

Jefwa, wewe ni mtoto wa nani? Babu yako kabla ya kuja Ganda alikaa kwenye shamba la mtu upande wa Mambrui. Alilima miaka sita. Mahindi aliruhusiwa, muhogo aliruhusiwa, kunde, mtama, chochote kinachong'oka kabla ya mwaka kuisha. Mwaka wa saba akapanda mkorosho mmoja, mmoja tu, apate kivuli. Mwenye shamba alikuja asubuhi hajasalimu hata watoto. Akasema, huyu ameacha kuwa mgeni. Tukafukuzwa na vyungu vyetu. Tangu siku hiyo babu yako alikuwa akisema mgeni hapandi mti, na baba yako alikua akilisikia, na wewe nilikusikilizisha kabla hujaota meno. Ndiyo maana Nahashon ameniomba mara mbili apande michungwa nami nikamkatalia, ingawa namheshimu. Mwenye mti ndiye mwenye mahali.

Na wewe umechimba shimo la mkono mzima, ukatia jivu, ukauhesabia miaka mitano, kisha ukaniandikia kama unaniambia habari ya mvua. Hakuna aliyekufukuza. Basi hapo pako. Na nyumba hiyo yenye nyuma ni yako, na mwenye kukuna nazi si jirani. Sikuambiwa na mtu. Umeniambia mwenyewe.

Nataka unijibu neno moja, kabla ya mwezi wa nane kufika kati. Unakuja kusimama au huji? Ukisema huji sitakulaani. Lakini sitaki tena kufagia bila kujua nafagia nini.

Nyevu

Bwana Jefwa, mimi ni Kasiva naongeza. Hawe ametoka kuita mbuzi, hajui. Mkono wake hauna kazi yoyote. Ni macho. La kushoto halioni kabisa, la kulia linaona kivuli tu. Daktari wa Malindi anasema ni mtoto wa jicho, yanapasuliwa na mtu anaona tena. Anakataa kwenda. Anasema akilazwa hospitali wapimaji watakuja, Menza asimame. Nimeona ni lazima ujue. Mungu anisamehe kwa kusema siri ya mtu mzima.


Brampton
9 Agosti 1987

Hawe,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana, na safari hii sina la mji.

Ni kweli yote. Marva ni mke wangu. Tulioana Oktoba ya themanini na tano, ofisini, na mashahidi wawili. Nyumba tumeinunua mwaka jana. Na kuna kubwa kuliko hilo: tarehe tatu Desemba tumepata mtoto wa kike. Nimempa jina la mama yangu, kama inavyotakiwa kwa binti wa kwanza. Anaitwa Kanze. Ana miezi minane na ana paji lako la uso, lile la ubishi.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Kila barua nilianza nayo. Naandika salamu, naandika hali yangu, kisha kalamu ikifika hapo inageukia barabara. Nilijua nikisema nina mke na mtoto na nyumba, umeelewa kwamba sirudi, na mimi sikuwa tayari uelewe, maana hata mimi nilikuwa sijajiambia. Nikikuona na ufagio mbele ya ule mlango nashindwa. Basi nikakuandikia mji. Niliogopa, Hawe. Mke mkubwa huambiwa kwanza, na mimi nilipita dirishani.

Ya macho nimeambiwa, usimgombeze aliyeniambia. Nimelia kazini mbele ya watu.

Nimezungumza na Marva. Sikuomba likizo yoyote, hilo nalo lilikuwa uongo, lakini leo nimeomba kweli na nimepewa wiki tatu, kuanzia tarehe ishirini na nane. Nitakuja nisimame. Niandikisheni. Nitasema nitarudi kuishi mwaka wa tisini, na Marva amesema atajaribu. Tutaiuza nyumba hii. Nenda hospitali sasa hivi, mwambie Menza angoje, mwambie chifu nakuja. Lolote utakalo nitalifanya.

Mjukuu wako mkosefu,
Jefwa


Ganda
13 Septemba 1987

Mume wangu Jefwa,

Marahaba, mara nyingi, na moja ya Kanze.

Kasiva ndiye anayeandika, na kwanza nikuambie nimemgombeza kidogo halafu nimempa kuku. Barua yako imefika tarehe nne ya mwezi huu. Garama alikuja nayo mwenyewe, hajaifungua, au kaifungua na kuifunga vizuri. Wapimaji walikuja tarehe ishirini na moja ya mwezi wa nane, wala hawakungoja mtu. Ile telegramu yako kwamba umeahirisha safari kungojea neno langu nimeipata pia. Umefanya vyema. Sasa neno langu hili hapa.

Nilikaa siku mbili nimekasirika. Si kwa kuoa. Mtu mwenye miaka thelathini kuoa ni afya. Nimekasirika kwa sababu niliezeka makuti ambayo wewe ulijua hutalala chini yake. Hilo liliniuma, linauma bado, nami nakuambia ili usidhani nimesahau. Siku ya tatu nilimwambia Kasiva anisomee tena pale palipoandikwa paji la uso. Akasoma mpaka akachoka.

Umevunja ada, na faini utatoa. Mke mkubwa nataka doti moja ya kanga, aichague Marva mwenyewe na si wewe, maana wewe huna macho ya kanga. Na picha ya mtoto. Mwambie mke mwenzangu kwamba simchukii. Mwanamke anayepikia mume wangu wali wa nazi kwenye theluji amenipunguzia kazi. Mwambie pia kwamba wewe hukoroma ukila maharage, kama hajajua.

Usiuze nyumba. Usiseme mwaka wa tisini. Umeniambia miaka minne ikawa sita, usinipe mwingine wa kuhesabu. Marva atajaribu, umesema. Mimi nilijaribu Mambrui, najua kujaribu kulivyo. Njoo kutembea, na mtoto, na yeye. Wiki tatu zatosha. Mtalala chumbani kwangu mimi nilale jikoni, mtapikiwa kama wageni, na mkiondoka nitalia kama ninavyolilia wageni.

Maana nyumba yako ina watu. Nimempa Nahashon na Kasiva, walikuwa wamebanana na watoto watatu kwenye chumba kimoja cha udongo, na ile imekaa miaka sita inafagiliwa na kizee kisichoona vumbi. Na nimemwambia Nahashon apande. Amepanda michungwa sita na miembe miwili, na siku aliyopanda alikuja kunipigia magoti, mtu mzima. Watu wa Ganda wananisema. Wanasema mimi Nyevu nimewapa Wakamba shamba la Mgiriama. Nimewaambia kuna mahali mjukuu wangu naye amepewa.

Kesho kutwa nakwenda Malindi kupasuliwa jicho la kulia. Kasiva atanishika mkono.

Siku ya wapimaji Menza alikuja na shati jeupe, akasimama mpakani tangu asubuhi. Nilitembezwa na Kasiva mpaka pale, kisha nikamwambia aniache. Mpaka wa shamba lile nimeutembea miaka arobaini, siuhitajii macho. Nikautembea mbele yao wote, kona kwa kona, na kila kona nikaikanyaga pale pale lilipo jiwe. Karani akasema, "Mama, umesimama kwa niaba ya nani?" Nikasema kwa niaba ya Nyevu. Akaliandika jina langu, na nikifa shamba ni la Menza na lako sawa kwa sawa, na hakuna kati yenu awezaye kuuza bila mwenzake kutia kidole. Menza alinuna, akala, akaondoka. Atarudi mwisho wa mwezi.

Lakini kabla ya kuandika langu ilibidi lako lifutwe, nalo lilikuwa juu kabisa ya orodha. Haya yanayofuata naandika kwa mkono wangu, Kasiva ananielekeza mstari tu.

Karani akauliza, huyu Jefwa Kazungu yuko wapi. Menza akamjibu yuko ng'ambo, amepotea. Nikasema hapana. Usiandike amepotea. Andika yuko kwake.

Nyevu